Nilimshitaki Mke Wangu kwa Kunyamaza

Mwaka ule nilimpeleka mke wangu kwao Lweba, nikamshitaki mbele ya wazee wake kwa kosa la kuninyamazia. Nilibeba jogoo wa kufungulia kikao, nikavaa suruali ya Jumapili, na mfukoni nilikuwa na karatasi ambamo nilikuwa nimeandika makosa yake, moja baada ya jingine, kumi na mawili, kwa kalamu ya bluu. Kila kosa lilikuwa na siku yake na saa yake. Leo nikiikumbuka karatasi ile natamani barabara ya Fizi, ambayo ina mashimo ya kutosha, inipatie moja niingie.

Makosa yote kumi na mawili yalikuwa ugonjwa.

Lakini kwanza niseme mimi ni mtu wa namna gani, ili ijulikane ujinga huu ulipata wapi mbolea. Mimi ni mtu wa nyumbani. Pale mjini Baraka wanaume wa rika langu wako ziwani, au wako juu ya moto, hizi pikipiki, wakibeba abiria, au wamepanda milima ya Minembwe kutafuta ng'ombe. Mimi niko barazani nyuma ya mashine ya kushona, na mguu wangu wa kulia unaokanyaga ile pedali umesafiri kuliko mimi mzima. Nilimaliza sekondari, kitengo cha ualimu, nikapata diploma, nikafundisha miezi minne, nikagundua kwamba kufundisha kunamtaka mtu atoke kwake kila asubuhi. Nikarudi zangu.

Mke wangu ndiye mwenye kazi ya kuonekana. Kila asubuhi anakaanga mandazi mbele ya nyumba yetu, kwenye mbabula, lile jiko la makaa, katika sufuria ya mawese mekundu. Watoto wa shule, watu wa moto, bamama wanaokwenda shambani na jembe begani, wote wanapita kwake. Akimaliza anajitwika beseni na kupeleka sokoni yaliyobaki, na mimi ananiachia maharagi jikoni. Kuchunga maharagi ndiyo ilikuwa kazi yangu ya pili. Nashona upindo, nainuka, naongeza maji, narudi. Jirani yetu, mama mjane aliyetoka Burundi miaka mingi iliyopita, akaacha kambi ya wakimbizi na kupanga nyumba iliyopakana na yetu, alikuwa amenipa cheo kinachonistahili cha kulinda chungu.

"Mulinzi wa nyungu," alinisalimia juu ya ua wa matete, "leo nyungu imeamukaje?"

"Imeamuka vizuri, mama. Inakuuliza utaolewa tena lini."

"Iambie ningali nangojea mwanaume mwenye anatokaka inje."

Hayo yalikuwa maongezi yetu ya kila siku, na baada ya hapo alinunua mandazi yake mawili, akaenda kulima.

Sasa, maharagi. Mwanaume anayechunga maharagi ana uchungu wake wa siri: yanaungua ukigeuza kichwa kidogo tu, na yakiungua kila mtu anajua ni nani alikuwa nyumbani. Ndiyo maana nilijisikia vibaya mke wangu alipoanza kusikia harufu. Tunakaa, ananieleza habari za sokoni, ghafla anakatisha na kuinua pua.

"Kuko kitu inaungua."

Nakimbia jikoni. Maharagi yako salama, maji yamefika juu, yanatokota kwa adabu. Narudi na mwiko mkononi kama shahidi. "Hakuna kitu inaungua, mama." Na yeye kimya. Ananitazama, au tuseme anatazama kitu kilichoko nyuma ya sikio langu. Macho wazi. Mdomo unatafuna kitu ambacho hakuna mtu aliyempa. Mkono wa kulia unachezea fundo la kitenge, unalifungua, unalifunga, unalifungua, kama mtu anayetafuta mwisho wa uzi. Namwita, hajibu. Namwita kwa sauti ya mume, hajibu. Kisha, baada ya muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kama hotuba ya mtu anayeomba kura, anashusha pumzi na kuuliza, "Ulikuwa unasema nini?" Halafu anakwenda kujilaza, anasema amechoka.

Mwingine angefikiri nini sijui. Mtu anakuambia chakula chako kinaungua. Hakiungui. Unamwambia hakiungui. Anakutazama huku anatafuna, halafu anakuuliza ulikuwa unasema nini. Mimi nilifikiri nadharauliwa.

Ubaya wa kusoma kidogo ni kwamba hicho kidogo kinataka kazi. Mwaka wa tano tulifundishwa saikolojia, na kati ya yote yaliyoandikwa ubaoni mimi nilibaki na moja tu, kwamba kunyamaza nako ni lugha. Nikaanza kutafsiri. Nilitafsiri miezi mitatu. Akininyamazia Jumatatu, mimi nilimnyamazia Jumanne kutwa, tena kwa bidii, maana mtu wa nyumbani ana muda. Siku moja aliniuliza, "Baba ya batoto, nimekukosea nini?" Nikamjibu, "Unajua mwenyewe."

Hakujua. Hilo ndilo linalonichoma. Kwake zile dakika hazikuwepo kabisa. Ilikuwa kama fundi amekata kipande cha kitambaa katikati, akashona pande mbili zilizobaki, na mshono hauonekani. Yeye alitoka kwenye neno moja akaingia neno la pili, na katikati hapo mume wake amenuna, hajui sababu.

Dalili zilikuwepo kwa mtu mwenye macho. Siku moja unga ulimponyoka mkononi, akabaki ameshika hewa. Siku nyingine kidole chake kiligusa ukingo wa sufuria ya mafuta na hakukiondoa, kikapata lengelenge kubwa kama punje ya hindi. Na mimi nilifanya nini? Nilikwenda kwenye karatasi yangu nikaandika kosa la saba: *Ameacha kidole kwenye moto ili nimwonee huruma.* Nimeliandika mimi, mwenye diploma.

Kwetu, ugomvi wa mke na mume ukishakomaa hauwekwi tena ndani ya nyumba. Unautoa, unaupeleka kwa wakwe, na hauendi mkono mtupu. Ndiyo maana ya jogoo. Maharagi ya siku ile nilimwachia jirani, tukapanda moto hadi Lweba, mke wangu nyuma yangu, hasemi kitu, na safari hii nakubali alikuwa amenuna kweli.

Baba yake alikwisha kufariki. Aliyekaa kwenye kiti cha mbele alikuwa baba yake mdogo, mzee mvuvi ambaye mgongo ulimkatalia ziwa. Mama mkwe alikaa kwenye mkeka karibu na mlango, amenipa mgongo. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Miaka yote ya ndoa yangu nilijua kisogo chake, kikohozi chake, na vitenge vyake, ambavyo viwili nilivishona mwenyewe kwa vipimo nilivyoletewa kwenye uzi wenye mafundo: fundo la kwanza bega, la pili kiuno, la tatu kifundo cha mguu. Kwa hiyo siku ile yeye alinigeuzia mgongo mimi na uso wake ukawa unaelekea kwa binti yake, aliyekaa kwenye kigoda mbele yake. Nataka msomaji alishike hilo, maana bila desturi hiyo labda ningekuwa bado nanuna hadi leo.

Nikatoa karatasi. Nikasoma. Nilisoma vizuri, kwa vituo, kama nilivyofundishwa. Baba mdogo alisikiliza amefumba macho, na nilipomaliza alimgeukia mtoto wake.

"Mwanangu, bwana yako anasema unamunyamaziaka. Anakuita, haujibu. Jibu sasa, tusikie."

"Baba," mke wangu akaanza, "mi sijue kama anasema nini. Mi namujibuka kila..." Akakatisha. Akainua pua. "Kuko kitu inaungua," akasema, na akanyamaza.

Mimi nilisimama. Aibu yangu yote iko hapo, katika kusimama huko. Niliinua karatasi juu kama refa anayetoa kadi.

"Munaona? Munaona sasa? Hata mbele yenu."

Hakuna aliyenitazama. Mama mkwe alikuwa amejikokota kwa magoti hadi kwa binti yake. Alipitisha kiganja mbele ya macho yake, kushoto, kulia. Macho hayakufuata. Akautazama ule mdomo unaotafuna. Akaushika mkono unaochezea fundo la kitenge, hakuuzuia, aliufuata tu unakokwenda, kama unavyomshika mtoto anayejifunza kutembea. Kisha akafanya jambo lililomfanya baba mdogo aweke kikombe chini. Aligeuka akanitazama machoni.

"Mukwe, ikala chini," akasema. "Huyu hakunyamazii. Huyu hayuko hapa."

Nikaketi. Ana macho kama ya binti yake. Sikuwa najua.

Akaeleza huku bado ameushika ule mkono. Binti yake alipokuwa mdogo, walipokuwa wamekimbilia milimani, homa ilimshika, ikaja degedege iliyoanza asubuhi na kumwachia jua likiwa kichwani. Alipona, akakua, akaolewa, na mama akasahau, au alitaka kusahau. Lakini siku chache baada ya homa ile mtoto alikuwa akitazama hivi hivi, na kutafuna hivi hivi.

Baba mdogo alilitamka neno kifafa kwa sauti ya chini, kama mtu anayeweka yai. Halafu akaniambia kile ambacho mwanaume mwenye heshima anapaswa kumwambia mkwe wake.

"Hii kitu hatukuijua, tungekuambia. Kama unataka kumurudisha, sema hapa mbele ya batu. Hatutakukasirikia."

Wakati huo mke wangu alishusha pumzi, akarudi.

"Kumurudisha nani?" akauliza.

Alitazama mama yake aliyemshika mkono, akatazama mama yake na mimi tunavyotazamana, jambo lisilowezekana, akatazama karatasi. Akaelewa, si ugonjwa, bali hukumu.

"Kama unanirudisha," akaniambia, "unirudishe leo. Usingoje nifike Baraka nianze kuzoea tena."

Ningependa kuandika kwamba hapo nilisema neno zuri. Nilikuwa na nafasi, watu wote walikuwa wakinisubiri, na mimi nimesoma. Nilisema, "Maharagi nimeacha kwa jirani. Lazima turudi wote."

Mama mkwe alikuwa ameshageuka tena kunipa mgongo. Niliona mabega yake yanatikisika. Hadi leo sijui kama alikuwa anacheka au analia, na desturi hainiruhusu kuuliza.

Juma lililofuata tulikwenda kituo cha afya. Njiani tulishapewa dawa nyingi za bure: mmoja mzizi, mwingine maombi, wa tatu alituambia tutafute jini lake linataka nini. Maombi tuliyakubali, hayana madhara. Muuguzi aliyetupokea alikuwa mama mnene mwenye sauti ndogo. Alimuuliza mke wangu inakuwaje. Mke wangu alisema hajui, maana inapokuja yeye hayupo. Muuguzi akanigeukia.

"Papa, wewe unashindaka wapi?"

"Nyumbani."

"Siku yote?"

"Siku yote." Nikangoja kicheko.

"Muzuri sana," akasema. "Wewe njo mashine yetu."

Alitueleza kwamba mashine ya kusoma umeme wa ubongo iko mbali, katika miji mikubwa, na hata huko daktari bado anauliza kwanza: nani aliona? Kifafa kinajulikana zaidi kwa masimulizi ya aliyekuwepo kuliko kwa damu au picha. Akauliza. Macho yanafungwa au yanabaki wazi? Mkono gani? Mdomo unafanya nini? Anaanguka? Inachukua muda gani? Kabla yake anasema nini? Baada yake anajua yuko wapi? Mara ngapi kwa juma?

Mke wangu aliingiza mkono kwenye mfuko wa suruali yangu ya Jumapili akatoa ile karatasi, akamkabidhi muuguzi.

Nilitamani paa lituangukie. Muuguzi alisoma kosa la kwanza hadi la kumi na mbili, polepole, anafuata kwa kidole. Siku iko. Saa iko. Mkono wa kulia uko, kutafuna kuko, harufu ya kuungua iko, uchovu baadaye uko. Hata kidole kwenye sufuria kiko. Akaikunja, akaiweka ndani ya fishi, kadi ya matibabu ya mke wangu.

"Umeandika vizuri, papa. Kosa ni kichwa cha habari tu."

Mke wangu alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Lweba.

Daktari alimwona siku aliyokuwa zamu, akampima na malaria na mengine ili asije akatibu kitu kimoja kumbe ni kingine, akakubaliana na karatasi yangu. Kumbe kifafa si kuanguka tu na kutoa povu. Kuna hiki kinachoshika kona moja ya ubongo, na kama ni kona ya harufu mtu atasikia kuungua kusikokuwepo. Hakiambukizi. Si kwa mate, si kwa sahani, si kwa kulala kitanda kimoja. Alimpa vidonge, kidogo kidogo, vikiongezwa taratibu. Muuguzi akatufundisha mengine, na mimi nikayaandika kwenye kaye, daftari jipya, safari hii na kichwa cha habari kizuri. Dawa kila siku, saa zile zile. Asioge ziwani peke yake. Asikae na moto peke yake. Akianguka: mlaze ubavu, weka kitu laini chini ya kichwa, usimbane, usitie kitu chochote mdomoni, tazama saa. Ikipita dakika tano, au ikija ya pili kabla hajaamka, mlete mbio. Na dawa haiachwi kwa sababu mtu amejisikia vizuri. Hilo la mwisho alilisema mara tatu.

Dawa ilifanya kazi, na kaye ilihesabu. Mwezi wa kwanza mara tatu, halafu mara moja, halafu kurasa nyeupe. Lakini vidonge vilimpa usingizi. Unga ulichelewa kukandwa, watoto wa shule walipita mandazi hayajaiva. Asubuhi moja akaniambia, "Tupumuzike dawa juma mbili tu. Nimepona, sivyo?" Nikafungua kaye. Kurasa nyeupe. Mimi mashine nikajiona kuwa daktari. Nikasema, "Sawa, kidogo tu." Nilijua nilichoandika mwenyewe kwenye ukurasa wa pili, na bado nilisema sawa, kwa sababu na mimi nilikuwa nimechoka kuamka mapema kusaidia kukanda.

Siku ya tano, asubuhi, wateja wamepanga mstari. Mimi niko jikoni na mwiko wangu. Nikamsikia anasema, "Kuko kitu inaungua," na watu wakacheka, kwa sababu alikuwa mbele ya makaa. Kisha nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kama mtu anayesukumwa pumzi nje, na kishindo.

Nilikimbia. Kutoka jikoni hadi nje ni hatua nane, na miaka mingi nilikuwa sijakimbia mbali hivyo. Mke wangu alikuwa chini, mwili mzima unatikisika, mguu umepiga mbabula, na sufuria ya mafuta imeinama. Aliyekuwa wa kwanza kwenye mstari ni jirani yetu. Alitupa sahani yake, akashika mbabula kwa pindo la kitenge na kuivuta kwake, mafuta yakamwagika kwenye vumbi, mbali na pale ambapo sekunde moja baadaye kichwa cha mke wangu kilijipiga.

"Mutilie mwiko ndani ya meno," mtu mmoja wa moto akanipigia kelele. "Atakula ulimi yake."

Nilikuwa nao mkononi. Niliutazama ule mwiko, na mkono wangu ulishaanza kwenda, nasema kweli. Nikautupa nyuma. Nikamlaza ubavu, nikachukua suruali ya mteja ambayo haijapigwa upindo nikaiweka chini ya kichwa chake, nikatoa simu nikatazama saa. Dakika moja. Dakika mbili. Sijawahi kushona vazi lolote refu kama dakika zile. Ikaisha kabla ya tatu. Akaanza kukoroma, povu shavuni, na mimi nalipangusa na shati langu.

Nilipoinua kichwa, mstari haukuwepo. Mandazi yaliyoumwa nusu yalikuwa chini. Na jirani yetu nilimwona juu ya ua, kwake, ananawa mikono kwa majivu hadi kwenye viwiko, anasugua, anamwagia maji, anasugua tena. Sikumchukia. Mikono iliyokuwa inanawa ndiyo iliyovuta mafuta.

Muuguzi hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema tu, "Mashine gani inazima dawa?" Akatueleza kwamba dawa ikikatwa ghafla ugonjwa unarudi kwa nguvu kuliko ulivyoondoka, ndiyo maana safari hii ulimwangusha. Tukaanza upya, taratibu, na usingizi akaturekebishia kwa kusogeza saa ya dawa. Akasema baada ya muda, kama kaye ikibaki nyeupe, mke wangu anaweza kurudi kukanda na kukaanga, mtu mzima akiwa kando yake.

Mtu wa kukaa kando alikuwepo. Walaji ndio walikosekana. Miezi ilipita, kaye nyeupe, lakini kila alipotoa beseni watu walipita upande wa pili wa njia. Walimsalimia vizuri sana, "Jambo mama, afya?" na hawakunyoosha mkono. Habari ilifika Lweba. Baba mdogo alimtuma mtu kuuliza kama aje kumchukua mtoto wake, bila ugomvi.

"Jibu ndiyo," mke wangu aliniambia. "Batu habakuli tena chakula ya mikono yangu. Hapa nafanya nini?"

"Mi nakula."

"Wewe unakulaka hata maharagi yako."

Sikumtuma mtu wa Lweba na jibu. Kesho yake asubuhi nikafanya jambo ambalo bado linasimuliwa pale kwetu. Nilimketisha mke wangu barazani, nyuma ya mashine, nikampa mapindo ya kupinda, na mimi nikatoka nje na mbabula. Nilikanda mwenyewe, nikakaanga mwenyewe. Nilijiambia kwamba wakishazoea kununua tena mlangoni petu, hata kutoka kwangu, mikono yake itarudi polepole. Watu walikuja, kwanza kutazama. "Mulinzi wa nyungu ametoka inje," walisema, "mvua itanyesha." Mmoja alinunua kwa huruma, hakurudi. Mandazi yangu yalikuwa meusi nje na mabichi ndani. Kutoka barazani mke wangu alikuwa akitazama, anauma midomo, na safari hii nilijua vizuri kwamba anacheka.

"Punguza moto," aliniambia.

"Nimepunguza."

"Kuko kitu inaungua."

Nilishtuka, nikamgeukia na kumtazama macho. Yalikuwa yananitazama mimi, si nyuma ya sikio. "Mandazi, baba," akasema. "Mandazi njo inaungua. Angalia."

Siku ya sita jirani alikuja. Tangu siku ile ya majivu hakuwa amekanyaga mlangoni petu, ingawa najua alikuwa akihesabu juu ya ua siku zetu za dawa, maana sauti ya kikombe cha kumezea vidonge asubuhi inafika kwake. Alisimama mbele yangu na sahani yake ile ile. Nikamwekea mawili. Alipasua moja, akalitazama ndani, akalitia mdomoni. Alitafuna muda mrefu. Alinitazama, akatazama barazani.

"Wewe mama," akamwambia mke wangu, "ile dawa unakunywa?"

"Nakunywa, mama. Kila siku."

"Basi toka huko."

Mke wangu hakuelewa, alibaki na kitambaa mkononi. Jirani akamtupia kuku wake nusu iliyobaki. Kuku akadonoa mara moja, akatikisa kichwa, akaenda zake kwenye matete. Jirani akamwaga na la pili, akanisukuma pembeni kwa kiwiko, akamsogezea mke wangu kigoda, akaketi kando yake na sahani tupu magotini kama mtu aliyekuja kungoja. Hapo ndipo aliponiambia, na watu wawili wa moto waliokuwa wanapita walisikia, nikinukuu neno kwa neno:

"Mandazi ya mugonjwa ilikuwa tamu. Ya wewe muzima, hata kuku inaikatala."